Imehifadhiwa, Asante

Ukimsalimu mtu wa huku mlimani, hata kama ametoka kuzika, atakujibu nzuri. Habari? Nzuri. Na mzee? Mzuri tu, tulimzika Alhamisi. Ndivyo adabu ilivyo. Mgeni hupokewa kwanza kwa neno la heri, kisha msiba unakuja nyuma polepole, ukishikilia ukuta kama mgonjwa. Gaceri alilelewa hivyo kwao Nkubu, upande wa Meru, na hakuna aliyemwonya kwamba siku moja adabu hiyo ingemlaza mtoto wa watu kitandani, midomo imefura kama mandazi.

Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na kidogo, mwenye sauti ya chini mno. Muuza nyanya wa Majengo, mtaa alioishi, alizoea kumuuliza mara mbili anataka za ngapi. Alikuja mjini Nyeri kujifunza kupiga taipu, na alipofika chuoni akakuta taipureta zimetolewa nje, mezani zimewekwa kompyuta kuukuu zilizonguruma kama posho mill ikisaga mahindi. Wenzake waliona wametapeliwa wakaenda kujifunza ushonaji. Gaceri akabaki. Chuo kilipomaliza kumfundisha yote kiliyoyajua, na hayakuwa mengi, alinunua kitabu kinene cha kuandika programu kutoka kwa muuza mitumba aliyekuwa akikikalia. Akakisoma chumbani mwake karibu na msikiti, jioni baada ya jioni, mpaka kikaanza kueleweka. Kufikia mwaka wa tisini na nane alikuwa anakula kwa kazi hiyo. Wateja wake walikuwa duka la vifaa vya ujenzi, muuza chakula cha kuku, na kliniki ya Daktari Gatobu.

Sasa, Gatobu kwa vyeti hakuwa daktari. Alikuwa afisa wa kliniki. Lakini mtu aliyemtoa mwanao kwenye kifaduro huwezi kumwita jina lingine. Kliniki yake ilikuwa katika soko dogo kando ya barabara iendayo Kiriaini, majani chai juu yake, kahawa chini yake. Kabla ya mashine, kila mgonjwa alikuja na daftari lake la shule, na daktari akaandika humo ugonjwa na dawa. Madaftari yalinyeshewa, yaliliwa na mbuzi, watoto wakafanyia hesabu kurasa za nyuma. Gaceri alipomjengea programu ya kuweka kumbukumbu hizo zote, daktari alifurahi kama mtu aliyeoa. Akawaambia watu waache kubeba madaftari.

"Mashine itawakumbuka," alisema.

Mezani akakaa Peterson, mzee wa kanisa, mstaafu wa posta, aliyefunga tai hata Jumamosi. Aliandika kwa vidole viwili, akiitafuta kila herufi kama mtu anayechagua maharagwe. Na kila alipomaliza mgonjwa mmoja, kioo kilimjibu kwa Kiswahili safi: Imehifadhiwa. Asante. Peterson aliipenda hiyo mashine.

"Hii iko na adabu kushinda vijana wa siku hizi," alikuwa akisema. "Kila kitu unaipatia, inasema asante."

Basi ikafika Julai, mwezi ambao ukungu hautoki Nyeri na vifua vya watoto hulia kama mlango usiotiwa mafuta. Gaceri alikuwa ameleta utepe mpya wa printa. Akiwa bado ameinama chini ya meza, aliingia nyanya mmoja, Shosho Wachuka, na mjukuu mgongoni ndani ya blanketi. Mtoto alipumua kwa kuvuta, mbavu zikionekana. Daktari akamsikiliza kifua nyuma ya pazia, akasema ni nimonia, akauliza kwa sauti, "Peterson, huyu ni nani?"

"Grace Wachuka Kingori," Peterson akasoma kiooni. "Wa kuzaliwa tisini na mbili. Mwaka jana alidungwa penisilini, ikamkubali. Hakuna neno."

Daktari akamdunga.

Gaceri aliona yote kwa sababu pazia halikufungwa vizuri. Daktari alikuwa bado ameshika pamba. Midomo ya mtoto ikaanza kujaa, polepole, halafu si polepole. Macho yakafungwa na uvimbe. Shosho alimtazama mjukuu wake kama mtu anayetazama nyumba yake ikibomolewa na asiyemjua. Daktari alivunja chupa ndogo ya adrenalini kwa vidole, akajikata, akadunga tena damu yake ikidondoka kwenye blanketi, akambeba mtoto kifuani akikimbilia gari. Mlangoni akagongana na mwanamke aliyekuja mbio kutoka kituo cha kupimia majani chai, kikapu bado kiko mgongoni. Alikuwa Wakonyo, mama ya mtoto.

"Mmempatia nini?" akauliza. Alipoona uso wa mwanawe alijua. "Si mlisema mmeandika? Mwezi wa nne nilikuja hapa, akapewa hiyo dawa kidogo tu akafura. Daktari wewe mwenyewe ulisema asipewe tena milele. Na huyu mzee akaandika nikiangalia."

"Niliandika," Peterson alisema. Alikuwa amesimama, tai imepinda. "Niliandika, mama. Na ikasema asante."

Gari likaondoka na Wakonyo, mtoto na daktari kuelekea hospitali kubwa. Shosho akabaki kwenye benchi, mikono mapajani. Na Gaceri akakaa kwenye kiti cha Peterson.

Akaandika upya: Grace Wachuka Kingori, kijiji, mwaka wa kuzaliwa, jina la mama Wakonyo, asidungwe penisilini. Kioo kikasema: Imehifadhiwa. Asante. Akamtafuta. Akatokea Grace Wachuka Kingori ambaye mama yake si Wakonyo na ambaye penisilini ilimkubali. Akaandika tena. Asante. Akatafuta tena. Yule yule.

"Unaona?" Peterson alinong'ona nyuma yake. "Unaona vile inasema?"

"Shosho," Gaceri akageuka, "uko na wajukuu wangapi wanaitwa Wachuka?"

Mama mzee alimtazama kama ameulizwa ana pua ngapi. "Wote wa kwanza," akasema. "Wataitwa nani tena?"

Huku Nyeri mtoto hapewi jina, anarudisha mtu. Msichana wa kwanza ni mama wa baba yake, basi. Wana wawili wa mwisho wa marehemu Kingori walioa Jumamosi moja ili wagawane hema, na mwaka uliofuata wote wawili wakapata msichana, na wasichana wote wawili wakawa mama wa baba zao, Wachuka. Nyanya alibatizwa Grace, nao wakabatizwa Grace. Babu ni Kingori, na jina lake ndilo wanaloandikisha shuleni. Watoto wawili, shamba moja, mwaka mmoja, jina moja tangu mwanzo hadi mwisho. Nyumbani hakuna anayewachanganya, maana huyu ni wa Wakonyo na yule ni wa mama mwingine. Gaceri aliijua desturi hii kama njia ya kwao. Hata yeye mwenyewe ni nyanya yake. Lakini siku alipokaa kuamua mashine itamtambuaje mtu, aliweka jina kamili, kijiji na mwaka, akaona amezidisha uangalifu.

Kosa hilo lingeweza kugunduliwa siku ya kwanza. Sikiliza kwa nini halikugunduliwa.

Programu kwa ndani ni kama ofisi yenye wajumbe. Kuna mjumbe wa kufungua stoo ya kumbukumbu, kuna wa kutafuta, kuna wa kuandika. Unamtuma, anakwenda, anarudi na jibu la tarakimu moja: moja, nimefanya; sifuri, nimeshindwa. Hasemi zaidi. Anasimama mlangoni na sifuri yake mkononi, akingoja aulizwe. Wajumbe hao Gaceri hakuwaumba yeye. Walikuja tayari ndani ya disketi pamoja na stoo yenyewe. Kazi yake ilikuwa kuwatuma na kuwauliza. Kuwatuma aliwatuma. Mwandishi alipokuta jina lipo tayari, alikataa kuliandika mara ya pili, akarudi na sifuri yake kimya. Na chini ya mstari wa kumtuma, Gaceri alikuwa ameandika mstari wa kuonyesha Imehifadhiwa, Asante, bila kumtazama mjumbe mkononi, kwa sababu ukiulizwa habari unajibu nzuri.

Daktari alirudi jioni, kidole kimefungwa bendeji. Mtoto anapumua, alisema. Wamemlaza. Halafu akaketi kwenye benchi la wagonjwa, akamsikiliza Gaceri hadi mwisho bila kumkatiza.

"Hiyo nimeelewa," akasema. "Sasa niambie kitu moja. Wengine ni wangapi?"

Gaceri akarudi kiooni. Mgonjwa aliyekataliwa na mwandishi hakuandikwa popote pengine. Hakuna alama, hakuna kivuli. Huko nje kwenye miteremko yote ile kulikuwa na watu walioambiwa wameandikwa na hawakuandikwa, na madaftari yao yalikuwa yametumika kuwashia moto. Yeyote kati yao angeweza kuingia kesho akikohoa.

"Sijui, daktari," akasema.

"Mashine inajua?"

"Nayo haijui."

Daktari akaitazama mashine kama mtu anayemtazama mbwa wake mwenyewe baada ya kuuma mgeni.

Jumamosi ya juma hilo, mchana, Gaceri alikuwa chumbani Majengo, kitabu mapajani, hajala tangu jana yake, ndipo stovu ya mafuta ya taa ya jirani yake Ambaro ilipolipuka. Ambaro, muuza vitambaa aliyetoka Nanyuki, alitoka nje akipiga nduru. Hujawahi kuona watu wakiacha kazi namna ile. Kinyozi alimwacha mteja na ndevu upande mmoja. Mama wa chapati aliacha chapati ikiungua. Mfereji ulikuwa mkavu, basi waliofika kwanza, wakiona hawana cha kufanya, wakageuka wakapiga nduru wao pia kuelekea safu ya pili, na safu ya pili ikaitupa hadi msikitini, ambako kulikuwa na tangi. Wanaume wakaja na maji ya kutawadhia wakauzima moto ukiwa bado kwenye pazia.

Baadaye Ambaro, nyusi zimeungua, alikuja kusimama mlangoni kwa Gaceri.

"Wewe ndiye ulikuwa karibu zaidi," akamwambia. "Nilikuona. Umesimama na karai, mdomo wazi, hakuna sauti. Wewe siku yako utaungua kimya kama kuni."

"Nilikuwa naleta maji, Ambaro."

"Karai moja. Na watu wako kule na tangi mzima. Nani atawaambia?"

Gaceri akarudi ndani, akaketi. Kitabu kile kinene kilikuwa na sura moja ya mwishoni ambayo aliiruka kila mara, akidhani ni mapambo ya wenye kompyuta kubwa. Ilihusu kitu walichokiita eksepsheni, namna ya programu kutangaza kwamba imeshindwa. Akaisoma sasa, na nywele zikamsimama, maana ilikuwa ni nduru. Ile ile ya mchana huo, imeandikwa na watu wasiowahi kufika Majengo.

Hakuwagusa wajumbe wenyewe, maana hawakuwa wake. Aliwafunika. Kwa kila mjumbe mpole alitengeneza mjumbe wa nje aliyemmeza mzima, na kumpa amri chache: mtume huyo wa ndani, mtazame mkononi, akirudi na moja nyamaza, akirudi na sifuri tupa ulichoshika upige nduru, useme ni nani ameshindwa na nini. Uzuri wa nduru ni kwamba mtu hawezi kuikosa kwa kusahau. Inapanda kutoka kwa aliyeshindwa hadi kwa aliyemtuma. Huyo asipokuwa na la kufanya, inampita hadi kwa aliyemtuma yeye, na kuendelea juu. Na kama hakuna wa kuipokea njia nzima, programu inasimama hapo hapo. Mstari wa Asante haufikiwi. Kisha akapita programu yake yote, na kila alipokuwa amemtuma mjumbe mpole, akamtuma aliyefunikwa.

Jumatatu aliiweka kliniki. Akamwandika mtoto wa Wakonyo, na mashine ikalia mlio mrefu, kioo kikawa chekundu: HAIKUANDIKWA. JINA LIPO. Peterson aliruka akamwaga chai.

Kufikia adhuhuri Gaceri alikuwa ameshika kichwa. Ililia kwa binamu na binamu. Ililia kwa watoto wa baba mkubwa na baba mdogo. Halafu ikalia kwa jambo ambalo hakulitarajia kabisa: stima, umeme wa soko, ilipopotea kidogo na kurudi, mjumbe wa kufungua stoo alishindwa kuifungua, na mashine ikapiga kelele ikakataa kwenda mbele. Gaceri aliganda. Stima ya soko lile ilipotea karibu kila juma. Maana yake, tangu mwanzo, kila baada ya stima kupotea, Peterson alikuwa akiandika wagonjwa juu ya hewa mpaka mashine izimwe na kuwashwa tena, na hewa ikimjibu asante.

"Kumbe nilikuwa naongea na nani?" Peterson aliuliza, na hakuwa akitania.

Gaceri akaifundisha mashine kulipokea jina lile lile likiongezewa jina la mama, na kila aliyeliliwa akaulizwa la mama yake, akaandikwa upya. Mambo yangeenda vizuri kama si benchi.

Benchi la wagonjwa lilikuwa hatua chache kutoka mezani. Siku iliyofuata aliingia mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mwanamke wa makamo, amevaa vizuri, amekonda kidogo kwa homa. Peterson akaandika jina lake. Mashine ikalia, nyekundu. Na kwenye benchi, bila mtu kusema lolote, watu wakasogea. Wakaacha nafasi pande zote mbili za mahali alipokuwa ameketi. Mzee mmoja akasema chini chini, "Imemuona." Miaka ile kila nyumba ilikuwa na mtu aliyekonda, na ule ugonjwa haukutajwa kwa jina. Mwalimu akachukua mkoba wake akatoka, homa na yote. Hakurudi.

Peterson alimngoja Gaceri kwa siku kadhaa ili amwambie ana kwa ana.

"Binti yangu," akasema, "umeleta kitu nzuri, lakini inaaibisha watu. Yule mama nimemfahamu tangu akiwa kwaya. Niwekee namna ya kuituliza. Kitufe tu. Ikilia mimi nitaona, nitajua, nitafanya vile inatakikana."

Mtu mzima akikuomba hivyo, na amefunga tai, utasemaje? Gaceri akampa kitufe cha kona ya juu kushoto. Ukikibonyeza nduru inakatika, kioo kinarudi rangi yake, na kazi inaendelea.

Alikaa karibu mwezi bila kwenda, akidhani mambo yametulia. Siku aliyokwenda alikuta kliniki imejaa na iko kimya kabisa. Alifurahi. Akasimama nyuma ya Peterson, aliyekuwa akimsimulia mtu habari za harambee ya paa la kanisa, na akaona kioo kikiwaka chekundu, na kidole cha mzee kikipanda chenyewe hadi kona ya juu kushoto, kikabonyeza, kikashuka, macho yakiwa bado kwa msikilizaji wake. Hakuwa ametazama. Kidole kilikuwa kimejifundisha. Printa ikatoa karatasi ya mgonjwa, daktari akanyoosha mkono kutoka nyuma ya pazia akaichukua.

Gaceri aliwahi kulisoma jina kabla wekundu haujaondoka: Samuel Mwaniki Gicheru. Jina lipo. Maana yake karatasi iliyokwenda nyuma ya pazia ilikuwa ya Samuel Mwaniki Gicheru mwingine.

Karai moja, na watu wako na tangi.

"Daktari, usidunge."

Hakujua ni sauti yake. Ilitoka kubwa, ikapita pazia, ikatoka mlangoni. Nje mtu aliyekuwa akifunga punda aliacha kamba. Benchi zima lilisimama. Gaceri alikuwa ameshalivuta pazia. Daktari alikuwa na sindano juu, na mbele yake alikuwa mpakiaji wa magunia ya majani chai, jitu la mtu, amelala kifudifudi, suruali nusu, kidonda kibaya kwenye paja.

"Kwani nimefanya nini?" Mwaniki akauliza, akijaribu kujifunika.

"Samuel," daktari akasema polepole, "hii umewahi kudungwa?"

"Hiyo? Hapana, hiyo haiwezani na mimi. Mwaka jana nilifura macho nikashindwa kuona baiskeli yangu. Si uliniandika?"

"Na mbona hukusema?"

"Uliniandika," Mwaniki akasema tena, kwa subira, kama anayemweleza mtoto. "Nilidhani unajua."

Daktari aliweka sindano kwenye sahani. Akaketi kwenye kiti cha wagonjwa. Mwaniki alivuta suruali yake akabaki ameketi ukingoni mwa kitanda, akiwatazama mmoja mmoja, jasho likianza kumtoka alipoelewa.

Peterson alikuwa mlangoni. Tai ameivua.

"Mimi ndiye nimeizima," akasema. "Sikuona hata. Mkono tu ulienda."

"Na mimi ndiye nilikupa kitufe, baba," Gaceri alisema.

"Ngojeni," daktari akasema. "Ngojeni kwanza. Hii kelele yenu, mnampigia nani? Mnapigia benchi. Benchi itafanya nini? Itamkimbia mwalimu wa watu. Peterson atafanya nini, na hana sindano? Mwenye sindano ni mimi. Na mimi ndiye pekee haijawahi kuniambia ni ya nani."

Gaceri aliketi chini, pale pale sakafuni, kwa kuona ilivyokuwa wazi. Alikuwa ameipandisha nduru ngazi zote, akaishusha kwa wasioweza kuipokea, kisha akawapa njia ya kuinyamazisha. Mtu aliyepaswa kuacha kila kitu alikuwa nyuma ya kitambaa, akipokea karatasi safi.

Siku hiyo hakurudi Majengo kabla ya kuimaliza kazi. Mlio akauondoa, benchi lisisikie lolote. Kitufe akakiondoa. Printa akaihamisha nyuma ya pazia. Sasa mjumbe akishindwa, kioo cha Peterson kinasimama kimya na hakitoki hapo, na kule ndani printa inachapa mstari mmoja mahali pa karatasi ya mgonjwa: USIDUNGE. HATUJUI NI NANI. Haiendelei mpaka daktari mwenyewe atoke, amuulize mtu yeye ni wa mama yupi, na Peterson aandike jibu.

Lakini lile swali la kwanza lilikuwa bado limeketi nao: wengine ni wangapi? Peterson ndiye aliyesema. Jumapili alisimama mbele ya kanisa, akawaambia watu waziwazi kwamba kuna walioandikwa na hawakuandikwa, kwamba mkono wake mmoja umo ndani, na kwamba yeyote anayeitwa kwa jina la nyanya au babu yake afike kliniki, mzima au mgonjwa, ajieleze upya. Hakutaja habari nzuri kwanza. Watu walitazamana.

Walianza kuja kesho yake asubuhi na mapema, na hawakuisha. Walijaa uani, wakafika barabarani, wakaketi kwenye nyasi chini ya ua wa miiba ya keiyapo. Gaceri alisimama mlangoni akiwatazama. Alidhani watakuja wachache. Alikuwa amesahau kwamba hilo ndilo tangazo linalomhusu kila mtu.

Daktari akasoma jina la kwanza, Peterson akiliandika mezani ndani. "Grace Wachuka Kingori."

Akasimama Shosho. Akasimama msichana wa sekondari, akasimama mama mwenye mtoto, akamwinua mtoto naye juu ili aonekane. Akasimama mwingine nyuma, na mwingine kando ya ua, na mtoto wa yule mama mwingine, mzima, kidole mdomoni.

"Yupi sasa?" daktari aliuliza.

"Mimi ndiye Wachuka," Shosho akasema. "Hao wengine ni mimi pia."

Watu wakacheka, lakini daktari hakucheka, wala Gaceri. Ndani printa ilikuwa imeanza kuchapa: HATUJUI NI NANI. Msichana mdogo aliyekonda, sweta kubwa juu ya gauni, alijipenyeza katikati ya miguu ya watu mpaka mbele ya daktari, akasimama mbali kidogo na mikono yake.

"Mimi ni wa Wakonyo," alisema. "Mimi sidungwi ile."

Daktari akachuchumaa. "Sema tena," akamwambia, "Peterson asikie." Naye Peterson, vidole viwili juu ya kibodi, akaandika polepole, akakitazama kioo, akangoja.